Kwanza Bila Gundi

Jumamosi moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara, maduka ya Arusha yamejaa bidhaa ghafla, na nyingine hujui umenunua nini mpaka ufike nyumbani. Nilikuwa na digrii mpya na suti ya mtumba, natoka kwetu Momela kwenda Daraja Mbili, kwa baba yake Upendo, msichana niliyetaka kumuoa. Kwapani nina boksi: ndege ndogo ya plastiki, ya kuunganisha vipande kwa gundi. Nilipanga kuiunda mbele ya mzee, aone mikono yangu, halafu nigusie habari ya posa.

Mzee Elia, mfanyabiashara wa Kichaga, alishaumwa na ruksa. Alinunua redio ya jina kubwa, kumbe jina limepungua herufi moja. Tangu hapo hakuamini kitu chenye boksi zuri. Alivyoitazama suti yangu, nilijua nami nimo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo picha ya juu ya boksi ndicho kilichomo, au ni picha tu?"

Nikacheka peke yangu, nikaanza kufungua gundi.

"Funga hiyo," akasema. "Unagundisha vitu ambavyo hata hujasalimiana navyo?"

Akamwaga vipande kwenye sinia. Akaviosha kwa sabuni, kwa kuwa vilikuwa na mafuta ya kiwandani na gundi isingeshika. Akalinganisha kimoja kimoja na mchoro. Bawa moja lilikuwa limepinda. Akalitia kwenye maji ya moto, akalinyoosha taratibu. Kisha akaishikanisha ndege nzima kwa selotepu, akaitazama, akaibandua.

"Bado. Njoo Jumamosi."

Jumamosi ikazaa nyingine. Kila mara tulibandika na kubandua, huku akiniuliza: kwenu mnasali wapi, ukikasirika unafanyaje, kwa nini uliacha kazi ya kabla ya chuo. Nikaanza kushuku. Kulikuwa na kijana wa machimbo ya Mererani mwenye gari, naye alikuwa akionekana mtaani kwao. Niliamini mzee ananichelewesha makusudi, akimngoja huyo alete posa.

"Vumilia," Upendo aliniambia. "Baba hata mchungaji anamkagua."

Mwishowe uvumilivu ukaniisha. "Baba, hii ndege itaunganishwa lini?"

"Ndege ilikuwa tayari tangu Jumamosi ya kwanza," akasema. "Ni wewe niliyekuwa nakushikiza kwa selotepu kwenye nyumba hii, nione utaachia wapi."

Akanisogezea gundi. "Haya, gundisha. Halafu waambie wazee wako waje. Wasilete kitu chenye boksi."

Ndege ile iko juu ya kabati letu mpaka leo, na bawa halijaachia. Mimi Upendo bado ananikagua.

Mwanangu, siku hizi maboksi yamezidi uzuri, na wanaoyauza wamezidi utamu wa maneno. Kabla ya kuunda chochote, hata cha kuchezea, fungua, osha, linganisha na mchoro, ushikanishe bila gundi. Anayekuhimiza umalize leo leo, muulize haraka ni ya nini. Na ukikaguliwa wewe, usinune kama nilivyonuna mimi.

Mungu akupe jicho lisilodanganyika na picha, na subira ya kuvuka Jumamosi zako zote. Na siku utakapofungua gundi, ikushikie.