Hoteli Isiyo na Shamba

Juzi, kwenye dirisha la tikiti za basi, mbele yangu walisimama mume na mke, majirani zangu wa mtaa wa Umoja. Mume alitaka likizo wakaimalizie kwao Machakos. Mke alitaka hoteli moja ya Malindi.

"Hoteli yenyewe imechakaa," mume alilalamika. "Muulize huyu jirani, ametembea."

Nami, mjuaji wa pwani zote, nikadakia: "Kweli, mama. Rangi imebambuka, bwawa la kuogelea halina maji, na bendi ilishahama."

Mke akaweka kikapu chini, akanigeukia.

"Mzee, huko hotelini kuna mahindi ya kupalilia?"

"Hakuna."

"Kuna mama mkwe wa kunihesabia mistari niliyolima?"

"La."

"Miaka tisa tunaita likizo, kumbe ni jembe!" Akapiga dirisha kwa kiganja. "Karani, Malindi, watu wawili!"

Foleni nzima ikashangilia. Mume mwenyewe akacheka, akatoa pochi.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimekuja kukata tikiti ya kwetu kijijini, jembe nilishalinoa. Nimelala hoteli nyingi, wasomaji wangu, lakini siku hiyo ndipo nilipojifunza kuzipima.

"Malindi," nikamwambia karani.