Mama wa Kompyuta na Programu Iliyokufa Kimya

Nilikuwa kwa kinyozi wangu hapa mtaani Munyaka, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, aliponiambia kwamba yule mama wa kompyuta amefariki. Sukari ilimzidi, akasema, na hospitali ikashindwa. "Yule mkali?" nikauliza. "Huyo huyo, Mzee. Ibada ni Ijumaa hapa mjini, halafu wanampeleka kwao magharibi." Sitawadanganya wasomaji wangu kwamba tulikuwa marafiki. Mara ya mwisho tulipokutana alinisimamisha mbele ya akina mama wanaouza viazi, akaniuliza kama makala yangu ya kusifia simu za kisasa nililipwa kuiandika ama nilijitolea tu. Akina mama wakacheka, nikacheka nao, na nikaenda nyumbani nikiwa nimeudhika. Ndivyo alivyokuwa. Alivaa vizuri, alijua kwamba anajua, na upumbavu ulimkera kama harufu mbaya ndani ya chumba. Lakini tangu Ijumaa kuna jambo ambalo halinitoki, na leo nitalisema hapa.

Miaka ile ya chama kimoja, mama huyu ndiye aliyeendesha kompyuta ya ghala moja la mbegu na mbolea hapa Eldoret. Mpango ulikuwa rahisi. Ukifika dirishani unasema jina na eneo lako, yeye anaifungua orodha ya eneo lote kwenye mashine na kulitafuta jina, printa inalia, unapewa stakabadhi, unaenda nayo nyuma kubebeshwa magunia yako. Msimu mmoja mzima ile kompyuta ilifanya kazi bila taabu. Kisha meneja wake akataka izinduliwe na mgeni mkubwa, kama mashine inaweza kuzinduliwa mara ya pili baada ya kutumika mwaka mzima. Akaagiza mafundi wa Nairobi walete toleo jipya la programu, ambalo kila likiwashwa litaonyesha kwanza bendera ya taifa iliyojaa skrini nzima, na chini yake maneno marefu ya utii kwa chama na serikali. Mgeni akaja, utepe ukakatwa, soda zikanywewa, na meneja akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna stakabadhi itakayoandikwa kwa kalamu. Tumeshatoka huko, akasema. Watu wakapiga makofi, maana siku hizo mtu hakuuliza makofi ni ya nini.

Mvua ya kupanda ikaanza wiki hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimemsindikiza mama yangu, ambaye shamba lake la Kiplombe lilikuwa limelimwa na kulainishwa, likingoja mbegu tu. Anayelima huku anajua kwamba ukiziacha mvua za kwanza zipite, utavuna mabua na kununua unga mwaka mzima. Foleni ilitoka dirishani ikafika barabarani. Wakulima wa Cheptiret walikuwa wamekuja na trekta, trela tupu, na matope mpaka magotini. Na ndani, kompyuta ilikuwa inakufa. Namwona mpaka leo yule mama. Anaandika jina la mtu wa Cheptiret, anabonyeza, na skrini inageuka nyeusi, imebaki alama moja ndogo inayopepesa kwenye kona. Hakuna mlio wala onyo. Programu imeondoka bila hata kuaga. Mama yangu, aliyekuwa nyuma ya mtu huyo kwenye foleni, akamuuliza, "Mama, hiyo mashine imesema nini?" Akamjibu bila kugeuka, "Haijasema kitu. Hiyo ndio shida yake. Ingesema, ningekuwa nimeitengeneza."

Nilitazama alivyoitafuta ile shida, na nakiri sijawahi kuona mtu akichunguza kitu kwa hasira na utaratibu kwa pamoja namna ile. Alianza na stima, kwa sababu stima ya mji huu tunaijua. Akahamisha waya hadi soketi nyingine, mambo yakawa yale yale. Akaichomoa printa, programu ikafa bila printa. Akabadilisha disketi kwa nakala nyingine, ikafa. Alikuwa akigusa kitu kimoja tu kwa wakati, akijaribu, kisha akikirudisha kama kilivyokuwa. Ndipo akagundua kwamba wakulima wa Kiplombe, ambao tulikuwa wachache katika ile mashine, tunatoka vizuri. Mama yangu akapata stakabadhi yake. Wa Cheptiret, ambao ni wengi, wakiitwa tu, skrini nyeusi. "Inajaa," akasema. "Kuna kitu kimekaa ndani kimechukua nafasi." Akatoa disketi ya zamani kwenye droo, ile isiyo na bendera, akaitia. Cheptiret nzima ikaja, printa ikaanza kulia. Akarudisha ile mpya. Kimya. Akarudisha ya zamani. Printa. Foleni yote ilikuwa imebanana dirishani tukiangalia.

Meneja akaja mbio aliposikia printa, amefurahi. Yule mama akamwambia palepale, kwa sauti yake isiyojua kunong'ona, "Ni hiyo picha ya bendera, bwana meneja. Ni kubwa kuliko mashine. Nimerudisha programu ya zamani mpaka wale wa Nairobi waitoe." Uso wa yule mtu ulibadilika rangi. Hakuiangalia skrini. Alitutazama sisi kwanza, mmoja mmoja, kuona nani amesikia. Kisha akamuuliza, "Umetumwa na nani?"

Yeye hakuelewa swali. "Nitumwe na nani? Nimejaribu. Njoo nikuonyeshe." Meneja hakwenda kuonyeshwa. Alirudi ofisini akafunga mlango. Yule mama aliendelea kutoa stakabadhi hadi mkulima wa mwisho wa Cheptiret akaondoka na mbegu zake, na watu wakapanda kwa wakati. Wiki iliyofuata wanaume wawili waliovaa suti walimchukua kazini. Walitaka kujua kwa nini ameondoa bendera ya taifa kwenye mali ya umma, na ni akina nani wanaomlipa. Aliporudi hakuwa na kazi, na hakuna ofisi mjini iliyothubutu kumwajiri. Amekufa akiwa muuza mitumba. Mikono iliyoijua mashine ile kuliko wote ilimaliza maisha ikikunja suruali za watu.

Msiniambie yale ni ya zamani. Juzi benki yangu ilibadilisha programu yake ya simu, na sasa kila nikiifungua inajifunga bila neno. Nikaenda kuuliza. Kijana wa kaunta akaniambia kwamba toleo jipya ni bora zaidi, na kwamba wengine hawalalamiki. Nikamwonyesha. Akaitazama kofia yangu ya kizee badala ya simu. Tumebadilisha katiba, tumebadilisha vyama, lakini kitu kikishakatiwa utepe bado hakiruhusiwi kuwa kibovu. Mbovu anakuwa yule aliyekiona.

Ijumaa kwenye ibada, meneja yule, sasa mzee wa kanisa mwenye mvi za heshima, alipewa nafasi ya kusema. Alisema yeye na marehemu ndio walioleta kompyuta katika mji huu. Alisema marehemu alikuwa dada mchapakazi, ila Mungu alimjalia ulimi mrefu kidogo. Waombolezaji wakacheka kwa upole. Nilimtazama binti wa marehemu kwenye kiti cha mbele. Hakucheka, na hakulia. Alikuwa akimkodolea macho yule mzee. Nilitoka nje kabla ya sala.

Ninyi mnaoongoza ofisi, idara na makanisa, nawaomba jambo moja tu. Mtu akija kuwaambia kwamba kile kitu chenu kipya kimekufa, msimuulize ametumwa na nani. Vuteni kiti, mkae, mumwambie awaonyeshe.