Majani Niliyokataa Kung'oa

Kiwanda cha nguo kilipotupunguza kazi, nilirudi nyumbani, mtaa wa Pasiansi, nikavua gauni la kazi, nikalala. Sikuwa na homa. Nililala tu nimegeukia ukuta, mvua za vuli zikaanza zikaisha, mume wangu akawa ndiye anayepika na kuogesha watoto. Majirani wengine walisema nimelogwa, wengine wakasema uvivu. Hospitali walinipima malaria, hawakuiona, wakanirudisha na aspirini.

Ndipo shangazi yangu akaja kwa meli kutoka Ukerewe na furushi la kivumbasi, miche mingine ikiwa bado na udongo. Hakuniuliza kitu. Alichemsha majani kwenye sufuria kubwa, akanikalisha kwenye kigoda, akatufunika sote wawili kwa blanketi. Jasho likanitoka, macho yakawasha, halafu nikalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu nitoke kiwandani.

"Lia," alisema mle ndani ya mvuke. "Mimi nilizika mtoto nikalala karibu mwaka. Mama yangu alinifunika hivi hivi."

Tulifanya hivyo kila asubuhi. Wiki ya pili niliomba uji. Ya tatu nilitoka mwenyewe, nikachimba kati ya mawe mbele ya nyumba, nikapanda ile miche.

Habari zikafika kanisani, nilikokuwa mwimbaji wa kwaya. Jumamosi moja wakaja wazee watatu.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Mama, tumeambiwa unajifukiza dawa za kienyeji."

"Ndiyo, najifukiza."

"Huo ni ushirikina. Ng'oa hayo majani, utubu mbele ya kanisa."

Shangazi alitaka kujibu, nikamshika mkono. Miezi yote ile sikuwa nimekasirika hata mara moja. Sasa hasira ilinijia, nikaifurahia kama mgonjwa anayeanza kusikia njaa.

"Nimelala hapa miezi mitatu," nikawaambia. "Mlikuwa mnapita hapo njiani mkienda sokoni, hamkubisha hodi. Leo nimesimama, ndiyo mnakuja. Majani siyang'oi. Na hiyo toba, nitubu nini? Kusimama?"

Walinifukuza kwaya. Mume wangu alinisihi niombe radhi yaishe. Nikakataa. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la mbele, kwaya ilipoanza nami nikaanza, kwa sauti yangu yote. Mwalimu wa kwaya aligeuka kunitazama. Sikupunguza.

Miaka kadhaa baadaye hali ile ilirudi, na daktari mmoja akanitajia jina la ugonjwa huo: sonona. Akaniandikia vidonge. Nilimweleza kuhusu kivumbasi. Akasema yeye hayajui majani hayo, ila nisimfiche chochote ninachotumia. Nilimeza vidonge vyake na nikaendelea kujifukiza. Watu huniuliza ni kipi hasa kiliniponya. Sijui, nawaambia, na simruhusu mtu anichagulie jibu.