Mpima Macho Aliyepewa Sentensi Kumi na Moja

Alikuwa mpima macho kwa miaka kumi na tisa, na jengo zima lilimwita Miwani, ingawa yeye mwenyewe hakuvaa. Siku moja mwongozaji wa filamu alikuja kupimwa. Akazisoma herufi za ukutani hadi mstari wa tano, kisha akageuka.

"Mtu akikosea herufi, uso wako hausemi kitu," alisema. "Natafuta uso wa namna hiyo."

Filamu yenyewe ilihusu ndugu watatu, watu wazima, wanaokutana kugawana vyombo vya nyumba ya marehemu wazazi wao. Hakuna anayepigwa, hakuna anayezimia. Miwani alipewa nafasi ya mdogo wao, mtu ambaye katika kurasa tisini ana sentensi kumi na moja tu.

"Sasa muda wote uliobaki nifanye nini?" aliuliza.

"Hilo ndilo ukalitafute."

Akaenda kulitafuta kwao. Naye alikuwa kitinda mimba wa watatu. Kila Jumapili mchana walikula kwa dada yao, fundi wa mapazia, pamoja na kaka yao mkubwa, mkaguzi wa lifti, ambaye akishika mazungumzo hata redio huona haya. Miaka yote Miwani alikuwa anakula tu. Sasa akaanza kutazama. Akagundua kwamba kaka akifika kwenye habari zake za zamani, jinsi alivyoiongoza familia baba alipofariki, dada huinuka akaenda jikoni kuosha vikombe. Jumapili iliyofuata, vilevile. Ya tatu, Miwani akamfuata. Vikombe vilikuwa visafi. Hakuna aliyekuwa amevinywea.

"Unanikodolea nini?" dada akamwuliza. "Leo unanipima macho?"

"Hapana, dada. Natafuta glasi."

"Si hiyo umeishika?"

Siku ya kurekodi sehemu ambayo ndugu wa kwenye hadithi wanagombana, kaka wa kwenye filamu alipopaza sauti, Miwani aliinuka bila kuelekezwa. Akafungua bomba, akaosha kikombe kisafi, polepole: ndani, mpini, kitako. Kilichoonekana ni mgongo wake tu. Mwigizaji aliyekuwa dada akasahau maneno yake, akabaki anautazama ule mgongo. Mwongozaji hakusimamisha kamera, na ndivyo ilivyobaki kwenye filamu.

Filamu ilipoonyeshwa ukumbini, Jumamosi alasiri, Miwani aliketi katikati ya ndugu zake. Ilipofika sehemu ya kikombe, alimsikia dada akivuta pumzi na kuizuia. Walipotoka, kaka akiwa kwenye foleni ya msalani, dada akamvuta kando.

"Umeniibia."

"Nilitaka kujua kwa nini unafanya vile."

"Ungeniuliza."

"Basi nakuuliza."

Dada akakunja tiketi yake mara mbili. "Mama aliniusia nisimjibu kaka yako mbele ya watu. Nikakubali. Mikono ikipata kazi, mdomo unatulia."

Hapo kaka akatokea, anajifuta mikono kwa leso, uso umechangamka. "Filamu safi! Ila yule kaka mtu, jamani! Anaongea mpaka wenzake wanakosa hewa. Watu wa vile sijui wanatoka wapi."

Nyani haoni kundule. Dada alijaribu kujizuia, kicheko kikamshinda, akashika ukuta. Watu waliokuwa wakitoka wakageuka kumtazama. Hakujali.

"Wanatoka tumbo la mama yetu," alisema. "Ndiye wewe, kaka."

Kaka akacheka kidogo, peke yake, kisha akaacha. "Mimi? Tangu lini?"

"Tangu uliponitoa chuo cha uuguzi nikae na mama, bila kuniuliza. Kila Jumapili unasema uliongoza familia. Uliniongoza mimi mpaka mlangoni, ukafunga."

Miwani alishtuka. Siku zote aliamini dada aliacha chuo kwa kupenda mwenyewe.

Kaka akaketi kwenye ngazi zenye vumbi, na suruali yake ya pasi. "Hukuwahi kusema."

"Hukuwahi kunyamaza."

Muda ukapita, mlinzi akaanza kufunga milango. "Haya," kaka alisema hatimaye, akiinuka. "Niambie. Yote."

Wakaanza kwenda kwa miguu, dada akiongea, kaka ameinamisha kichwa upande wake. Miwani alitamani sana kusikia. Akapunguza mwendo, akawaacha watangulie.