Marahaba ya Kabla ya Habari

Mtaani walimwita Bi Kaa Hapo Hapo, wala hakununa. Ndiyo iliyokuwa kazi yake: kipindi kikiisha, uso wake unatokea kwenye runinga, anataja kinachofuata, kisha anasema, "Kaa hapo hapo." Wauza mboga walimtania kwamba nchi nzima inamtii isipokuwa mumewe, aliyeondoka zamani bila kuaga.

Kabla ya taarifa ya habari alikuwa na neno lake la ziada ambalo hakuandikiwa na mtu: "Na wazazi wetu mlioko nyumbani, shikamooni." Mkuu wa vipindi alimkanya, akamkanya tena, mwishowe akachoka. Hakujua kwamba wazazi hao wote walikuwa mtu mmoja. Mama yake, aliyeishi naye, alikuwa amepoteza kumbukumbu kidogo kidogo hadi akamsahau binti yake wa kumzaa. Akimkuta jikoni alimdhani muuguzi. Lakini yule wa kwenye runinga hakumsahau kamwe. Akisalimiwa huitika, "Marahaba mwanangu," ndipo hukubali kula. Mdogo wake, aliyeshinda na mama, ndiye aliyemsimulia hayo kila akirudi kutoka kazini, naye aliishi kwa marahaba hiyo ya kusimuliwa.

Kisha stesheni ikahamia mtandaoni. Siku hizi watu hawataki kungoja. Kila mtu ajichagulie kwenye simu atakacho, saa atakayo, na kikiisha kimoja kingine kinajianzisha chenyewe. Sasa wa kuwaambia watu wakae hapo hapo ni wa nini? Asiyekuwepo na lake halipo: wakubwa walikaa kikao bila yeye, wakamwita mwishoni kumpa mkono wa kwaheri na keki. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Keki yenyewe ilikuwa kavu.

Njiani alijipa moyo. Angalau jioni zake zimerudi. Atamsalimia mama ana kwa ana, naye ataitikiwa ana kwa ana.

Jioni ile akavaa gauni la kazini, akapaka poda, akachuchumaa mbele ya kiti cha mama. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, binti," mama akajibu kwa adabu wanayopewa wageni. "Hebu sogea kidogo, unanizibia. Mwanangu yu karibu kutokea."

Akasogea. Moyo ulimvunjika, na hakuna namna nyingine ya kulisema hilo. Chakula kikapoa, mama hataki hata kijiko, mpaka mdogo mtu, asiye na hila, akatafuta kipindi cha zamani kwenye simu na kukirusha kwenye runinga. Shikamooni. "Marahaba mwanangu," mama akaitika, uso ukakunjuka, akafungua mdomo. Binti akamlisha huku akijionea wivu mwenyewe.

Ikawa hivyo kila jioni, rekodi ile ile. Siku moja mama akaacha kutafuna.

"Amechoka mtoto wangu," akasema. "Maneno yale yale, nguo ile ile. Wewe unamjua? Mwambie aache hiyo kazi, arudi nyumbani."

"Ameshaacha, mama. Amesharudi."

Mama akageuka taratibu, akautazama mlango kwa muda mrefu.

"Sasa mbona haingii?"