Aliyegonga Bodi Mlimani Makere

Mniamini msiniamini, jambo hili lilinitokea mimi, na wala halikuwa la usiku. Lilikuwa mchana kweupe, jua la kiangazi likiwaka, mwaka 2014, kwenye barabara ya vumbi itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Sikuwa nimelewa. Sinywi.

Tulikuwa tunampeleka Minani kwao Kitahana akazikwe. Minani alikuwa utingo wangu miaka ile nilipoendesha lori la mazao. Mimi usukani, yeye nyuma juu ya mzigo, na lugha yetu ilikuwa bodi. Akigonga mara moja, simama. Mara mbili, twende. Mara tatu, usizime injini, maana stata ya lori lile ilikuwa imekufa, na likizimika mlimani tunalala hapo hapo. Nilizoea kumtania, "Wewe gonga tu, kujua ni kazi yangu." Naye hucheka: "Sawa bosi. Siku nikiacha kugonga utanitafuta."

Haya. Jeneza lilikuwa kwenye pikapu ya kukodi, mdogo wake Yona amekaa mbele na dereva. Mimi nawafuata na pikapu yangu ya otomatiki, niliyojivunia kupita kiasi. Mama yao, bibi kizee, alikuwa ametuma neno moja kwa simu: "Mleteni jua likiwepo. Kwa taa macho yangu hayaoni tena. Nataka nimwone mwanangu uso." Kaburi lilikwisha kuchimbwa, na kwao kaburi halilali wazi. Kwa hiyo kufika kabla jua halijazama ndiyo ilikuwa safari yenyewe.

Tulipopita Makere, pikapu ya jeneza ikazima. Mkanda wa injini umekatika. Nikasema tuhamishie jeneza kwangu, nyuma kuko tupu. Yona akaruka kama amekanyaga nyoka.

"Mzee, maiti hahamishwi njiani! Ukimshusha hapa, hapa ndipo umemzika."

"Sasa tufanyeje?"

"Si una gari la kujisifia? Tuvute."

Tukafunga kamba. Yona na dereva wakabaki kwenye pikapu ya jeneza kushika usukani na breki, mimi peke yangu mbele. Nikaweka D, nikakanyaga mafuta. Mlima ukaanza. Mwendo wa mtu anayechunga mbuzi! Injini inanguruma, gia inapanda, inashuka, haijui ikae wapi. Ndipo nikasikia: ngo!

Mara moja tu, nyuma ya sikio langu, pale pale alipozoea kugonga Minani. Nikatazama kwenye kioo. Nyuma hakuna mtu. Nikajiambia ni jiwe. Jamani, jiwe linagonga kwa kiganja? Kiganja kile nilikijua! Ngo! Tena. Nami nikazidi kukanyaga. Jua lilinikimbiza, na kiburi nacho kilinikimbiza.

Ikaja harufu ya kuungua. Taa nyekundu ikawaka. Injini inalia, gari haliendi. Mama mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alikuwa anapita na beseni la dagaa kichwani. Akacheka sana.

"Papa! Motokari inaungua, na weye unaipiga tu!"

Nikashika ufunguo nizime. Ngo, ngo, ngo! Mara tatu, kwa hasira, bodi nzima ikatetemeka. Yule mama akaacha kucheka.

"Papa, ni nani anagonga?"

Hakungoja jibu. Aliondoka mbio, beseni likiyumba.

Mkono wangu ukaachia ufunguo wenyewe. Nikavuta breki ya mkono, nikaweka N, nikafungua boneti upepo upite, injini ikiendelea kuunguruma taratibu. Baadaye fundi mmoja wa Kibondo aliniambia mafuta ya gia hupoa yakizunguka. Ukizima yakiwa yanachemka, yanabaki pale pale yakiunguza gia boksi. Siku ile sikulijua hilo. Nilitii tu. Tulikaa pale mpaka vivuli vikarefuka. Kisha: ngo, ngo.

"Nimesikia, Minani," nikasema kwa sauti.

Safari hii niliweka L, gia nzito, ikatulia mahali pamoja. Kila mlima mrefu, kabla taa haijawaka, nagongewa mara moja, nasimama, napoza. Yona akapiga kelele kutoka nyuma: "Mzee, unasimamasimama nini? Jua hilo linazama!"

"Muulize kaka yako!" nikamjibu.

Nilishuka mara moja kukagua. Nyuma ya gari vumbi jekundu limelala kama unga, halina alama ya mguu wala ya kidole.

Tulifika Kitahana jua limezama. Jeneza likafunguliwa, taa ikaletwa karibu. Bibi akainama, haoni kitu. Akapapasa kwa vidole: paji, pua, kidevu. "Mwana wanje, mwanangu, ni wewe?" Niliinamisha kichwa. Muda tulioupoteza kwenye mlima wa kwanza ungetosha kabisa, na mimi ndiye niliyeupoteza kwa kutosimama nilipogongewa. Si kamba, si gari, ni mimi.

Tulipotoka kuzika, nilimshika bibi mkono nimrudishe ndani. Tukapita kando ya pikapu yangu. Akasimama, akageuza uso nyuma ya gari.

"Huyu utingo wako amesimama hapo tangu mfike, vumbi mwili mzima. Mwambie ashuke, ale."

Macho yale yale yaliyoshindwa kuona uso kwa taa! Ningemwambiaje? Nilijua lugha moja tu. Nikaweka kiganja kwenye bodi, nikagonga mara moja: simama, tumefika. Springi zikalia, na gari likainuka kidogo, kama linavyoinuka mtu anaporuka chini.

Tangu siku ile sijagongewa tena. Kila mlima nashusha kioo, nasikiliza. Alisema kweli, namtafuta.

Basi wewe unayevuta gari kwa otomatiki, mwendo wa polepole, mlimani: weka gia nzito, simama kabla hujasikia harufu, na usizime injini. Na ukisikia bodi imegongwa mara moja, usiangalie kwanza kama nyuma kuna mtu. Simama.