Jimbo Dogo la Kaka Martin

Pale Kilema, Sirili alikuwa hajuliwi hali ila kupitia kwa kaka yake. Shikamoo ikishaitikiwa, linalofuata ni hilo: "Martin hajambo huko Amerika?" Hakuna aliyeuliza mgongo wa Sirili u hali gani, na mgongo huo ndio uliopandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare na kumwinua baba yao, Mzee Emilian, kitandani mwaka alioumwa nyonga. Ndivyo tulivyo watu wa mlimani! Anayebaki tunamwona kama mgomba, yupo tu. Anayeondoka tunamwimbia.

Wivu wake haukuanza jana. Kahawa ya shamba la juu, lile linalopakana na mfereji, ndiyo iliyomsomesha Martin hadi akapata safari. Zamu ya Sirili ilipofika, bei ilikuwa imeanguka. Akabaki. Aling'oa mibuni iliyozeeka, akapanda mipya, akamwoa Digna, wakampata Given. Kila mche ulioshika pale juu aliusemesha kama mali yake.

Na ungekuwa mali yake kweli. Siku moja, wakikata mkungu, mzee alimwambia, "Shamba la juu kwa desturi ni la mzaliwa wa kwanza. Wewe kitinda mimba una nyumba hii na migomba yake. Lakini Martin ana Amerika yake, nchi nzima! Kihamba hiki cha ukoo atakifanyia nini? Krismasi, mbele ya ukoo, nitasema ni chako."

Mwingine angeshukuru akalala usingizi. Sirili alisikia maneno mawili tu: Amerika yake.

Desemba Martin akaja, koti zito juani, na kila sentensi ikiishia "kule kwetu Rhode Island." Kule kwetu! Kwetu si hapa palipozikwa kitovu chako? Sirili akaazima simu ya mkewe, akaanza kuichimba hiyo Rhode Island kama mtu anayechunguza ukoo wa mwanamume anayemnyemelea mchumba wake. Akasoma, akaanza kucheka peke yake.

"Baba Given, unacheka nini?" Digna akauliza.

"Kesho utacheka na wewe."

"Mzee ameshakupa neno lake. Kesho kula nyama, unyamaze."

Siku ya Krismasi, baada ya misa, mbuzi alichinjwa nyuma ya nyumba. Mzee akapewa kidari chake, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Shangazi Mektrida, dada wa mzee, akajifuta mafuta mdomoni. "Martin mwanangu, hebu tusimulie hiyo Rodailandi. Ina mlima kama huu wetu?"

"Shangazi, kule kwetu ni bahari zaidi..."

"Mlima!" Sirili akadakia. "Kilima chao kirefu kuliko vyote hakifiki mita mia mbili na hamsini. Shangazi, ukisimama stendi ya Moshi umekipita mara tatu!"

"Yesu wangu! Hicho si kichuguu?"

"Na ndilo jimbo dogo kuliko yote Amerika. Mkoa wetu unalimeza mara tatu na bado una njaa. Linaitwa kisiwa, wala si kisiwa. Tena bahari imeingia katikati imekula sehemu yake. Ukikohoa, jimbo la jirani wanakuambia pole!"

Watu wakacheka hadi mbege ikamwagika. Martin naye akacheka, ila kwa meno tu. Sirili alijisikia mrefu kuliko kilele cha Mawenzi. Miaka yote ile, hatimaye kaka mtu amekuwa mdogo!

Mzee Emilian hakucheka. "Martin, ni kweli hayo?"

"Ni kweli, baba. Ni kadogo, lakini kazuri."

"Na humo wewe una eneo gani?"

"Nimepanga, baba. Vyumba viwili, ghorofa ya tatu."

"Chini yako kuna nini?"

"Watu."

"Na juu?"

"Watu pia, baba."

"Hata mgomba mmoja?"

Martin akatazama viatu vyake. Kicheko kikakatika.

"Sasa ukifa, mwanangu, watakuzika wapi?"

Mzee akaiweka kata chini taratibu. "Mimi nilidhani mtoto ana nchi. Kumbe ananing'inia kama popo! Nilitaka kumnyang'anya hata pa kulala mifupa yake. Mbele yenu wote nasema, shamba la juu ni la Martin. Asante, Sirili, umenifumbua macho."

"Lakini baba, kahawa ile..."

"Desturi ni desturi."

Martin akamshika bega mdogo wake, macho yamemlowa kwelikweli. "Utaniangalizia, ndugu yangu. Nikiwa kule kwetu siwezi kuyasimamia maji ya mfereji."

Digna akampa mumewe mgongo, akaendelea kukusanya masufuria. Mgongo ule ulimchoma Sirili kuliko tusi.

Asubuhi ilikuwa zamu yao ya maji. Sirili alipanda na jembe, akasimama kwenye mfereji. Akiyaacha tu yapite kwenda kwa jirani, kahawa ya Martin itanyauka. Akaitazama mibuni aliyoipanda kwa mikono yake, inamtazama kama zamani, haijui imebadili mwenyewe. Akatema mate, akayafungulia maji. Yakaingia shambani yakikimbia, bila kuuliza ni la nani, na Sirili akayaonea wivu hata hayo.